Seli za Kinga Zimo Kwenye Uvimbe, Mbona Hazimsaidii?

SWALI: Binti yangu wa miaka 15 ana saratani ya mfupa juu ya goti. Nimeambiwa uvimbe umejaa seli za kinga. Mbona hazimsaidii?

JIBU: Pole sana, mama. Nyingi ya seli hizo ni makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na seli mbovu. Saratani huzirubuni: zinaacha kumeza, zinachochea mishipa ya damu inayolisha uvimbe, tena zinazizuia seli T, ambazo ni seli nyingine za kinga, zisishambulie. Mwaka 2009 Ulaya iliidhinisha mifamurtaidi, dawa ya kuamsha makrofaji, itumike pamoja na tibakemikali baada ya uvimbe kuondolewa wote, lakini Marekani haijaikubali. Zile dawa za kuzindua seli T, zilizofanya makubwa kwenye saratani ya ngozi, kwenye saratani ya mfupa zimesaidia wachache mno.

Kwa hiyo shikilieni tibakemikali na upasuaji. Hiyo ndiyo tiba yenyewe. Tibakemikali hushusha seli nyeupe za damu, basi akipata homa, hata usiku wa manane, mpeleke hospitali. Usingoje kukuche.