Viza ya mwenza wa Uingereza: hela zilale benki mapema

Watu wa pwani ya Lindi tuna namna yetu ya kumsafirisha mtu. Daftari linazunguka, mjomba anaandika chake, shangazi chake, jirani aliyeuza ufuta msimu huu naye anatia mkono, na baada ya wiki chache nauli imetimia. Kwa mke au mume anayemfuata mwenzake Uingereza, mchango huo bado unafaa sana. Ila uje miezi sita kabla ya ombi. Ukija wiki mbili kabla, hauhesabiwi kwenye akiba hata kama ni mwingi.

Tuanze na kiwango chenyewe. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, aliyeko Uingereza anayemdhamini mwenza wake hutakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kabla ya kukatwa kodi. Kiwango cha zamani kilikuwa pauni 18,600 na kilidumu tangu 2012, kwa hiyo usipige hesabu za jirani aliyeondoka 2019. Kwa waombaji wapya, watoto hawakipandishi kiwango hicho. Na mdhamini anayelipwa posho fulani za ulemavu, au posho ya kumtunza mgonjwa, hapimwi kwa pauni 29,000. Yeye huonyesha tu kwamba familia itaweza kujikimu.

Mshahara unaotazamwa ni wa aliyeko kule. Mke anayefundisha sekondari Kilwa Masoko mshahara wake hauingii kwenye ombi la kwanza linalotumwa kutoka Tanzania. Akiba yake inaingia. Kodi ya nyumba anayoipangisha Lindi mjini, au pensheni kama ameshastaafu, zinaweza kuingia pia zikiwa na nyaraka.

Ukiwa na ndugu Marekani, huenda wamekwambia mtu wa tatu anaweza kutia saini ya udhamini. Sheria ya kwao inamruhusu mdhamini wa ziada. Uingereza hairuhusu, isipokuwa kwa hali za pekee mno. Barua ya shemeji mwenye duka Birmingham, akiapa kwamba atawalisha na kuwavisha, haizibi pengo la mshahara. Shemeji huyo akitaka kusaidia kweli, atoe fedha ziwe mali yenu.

Hapo ndipo daftari la mchango linapopata nafasi yake. Mshahara usipofika, pengo huzibwa kwa akiba, na hesabu yake ni hii: pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa, na kinachozidi hapo hugawanywa kwa 2.5. Tuseme mume analipwa pauni 26,000 kwa mwaka. Amepungukiwa 3,000. Zidisha 3,000 mara 2.5 upate 7,500, ongeza 16,000, jumla pauni 23,500. Asiye na mshahara wowote atahitaji akiba ya pauni 88,500. Ni fedha nyingi, na sitaki kumficha mtu ukweli huo. Kwa familia nyingi njia nafuu ni aliyeko kule kutafuta kazi yenye mshahara mkubwa zaidi au kazi ya pili, badala ya kuukamua ukoo. Na aliyejiajiri, kama dereva wa teksi, aelewe kwamba akiba haiwezi kujumlishwa na kipato cha kujiajiri.

Akiba hiyo iwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la mke, la mume, au la wote wawili. Akaunti unayochangia na mama yako usiitegemee. Salio la kwenye simu nalo lihamishie benki. Fedha zikae humo miezi sita kamili bila kushuka, maana kinachohesabiwa ni salio la chini kabisa katika miezi hiyo. Ukichomoa laki tano za mahari ya mdogo wako mwezi wa nne, akiba yako imekuwa pungufu kwa laki tano, hata ukizirudisha kesho yake.

Zawadi inakubalika, mkopo haukubaliki. Kwa hiyo kila aliyetoa kiasi kikubwa aandike barua fupi: jina lake kamili, uhusiano wenu, kiasi, tarehe, fedha zilikotoka, na kwamba ni zawadi isiyodaiwa. Barua ya Kiswahili itafsiriwe Kiingereza, na mtafsiri aweke jina, saini, tarehe na anwani yake. Mimi ningewaomba watu wachache wenye uwezo watoe kiasi cha maana, na wale wengi wenye elfu kumi kumi wachangie nauli na ada. Miamala midogo mingi ya simu isiyo na maelezo humtia shaka afisa anayesoma taarifa ya benki. Na dalali akikwambia atakuwekea fedha kwenye akaunti kwa muda, mkatae. Huo ni udanganyifu, na jina linalochafuka ni lako.

Kuuza ardhi ni mlango mwingine. Fedha za shamba au nyumba iliyouzwa hazilazimiki kulala miezi sita, mradi mali hiyo ilikuwa yenu tangu mwanzo wa miezi hiyo, na mnao uthibitisho wa mamlaka ya ardhi pamoja na mkataba wa mauzo. Kilwa na Lindi tatizo linajulikana: minazi na mikorosho tunayo, hati hatuna. Shamba lililo bado kwa jina la marehemu baba si mali ya mke mbele ya afisa wa viza, hata kama kijiji kizima kinajua ni lake. Fungua mirathi Mahakama ya Mwanzo mapema, mgawane, kisha shughulikia hati. Kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko viza yenyewe.

Kwa aliyeajiriwa mahali pamoja miezi sita au zaidi, karatasi ni tatu: hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha kila mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri yenye cheo, kiwango cha mshahara na muda wa kazi. Namba zilingane. Anayelipwa fedha mkononi azipeleke benki. Mshahara ukibadilika badilika, hutazamwa ule wa chini. Taarifa za mwisho zisizidi siku 28 hadi siku ya kuomba.

Ada isitoke kwenye akiba iliyopigiwa hesabu. Mwaka 2025, kuanzia Aprili, ada ya ombi ilikuwa pauni 1,938, na mchango wa huduma za afya kwa viza ya miezi 33 ulikuwa pauni 3,105. Ongeza mtihani wa Kiingereza na kipimo cha kifua kikuu.

Majina nayo yakaguliwe mapema. Cheti cha ndoa kiwe kimesajiliwa. Barua ya wazee haitoshi. Cheti kikisema Selemani Saidi, pasipoti Suleiman Said na benki Seleman S., pata hati ya kiapo kwa wakili kabla hujatuma chochote.

Siku ya alama za vidole utakwenda Dar es Salaam. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara pale Somanga, na mabasi ya kusini yakakwama. Ukipangiwa siku wakati wa masika, ondoka Nangurukuru siku mbili mapema, na pasipoti uishike mwenyewe, isikae kwenye begi lililo ndani ya buti ya basi.