Hebu Sema Mimi ni Nani

Shangazi, mimi ni fundi cherehani hapa Kawangware, ila nimezaliwa na kukulia Kibera, upande wa Makina. Mwezi uliopita nilikuwa steji ya 46 nikingoja matatu, mama mmoja akanishika mkono kwa furaha na kuniuliza habari za nyumbani. Sikumjua. Kwa haya nikajifanya namjua, nikamwuliza, “Na mzee hajambo?” Akaniachia mkono. Akasema, “Hebu sema mimi ni nani.” Nikababaika. Kumbe ni jirani yetu wa Makina, aliyekuwa akinipa mandazi kwa deni nikienda shule, na mzee wake tulimzika nami nikiwapo. Sasa Makina nzima yasema nimeota mapembe tangu kuhama, na mama yangu hanisemeshi. Shangazi, hii si mara ya kwanza. Tangu utotoni nyuso hunipotea, na hata wateja wangu nawajua kwa nguo walizoleta. Nifanyeje?
Fundi, Kawangware

Mwanangu, kabla sijafika kwenye lawama iliyo yako, kwani ipo, yafaa nikuondolee ile isiyo yako. Kusahau uso wa mtu si dharau wala si takaburi, japokuwa walimwengu hupenda kukuhesabu hivyo, hasa aliyesahau akiwa amehama, na laiti ungalikuwa bado waishi Makina wangalisema macho yako yameingia ukungu, wakakuonea huruma, lakini maadamu umevuka Barabara ya Ngong ukapanga chumba Kawangware, basi imekuwa kiburi (kana kwamba mtu akihamia Kawangware amehamia Lavington iliyo jirani yake!).

Hata hivyo uchungu wao una asili yake. Makina ni mtaa wa Wanubi, ambao wazee wao waliletwa Kibera wakiwa askari wa King's African Rifles zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mahali ambapo watu wamejuana tangu babu wa babu, wakazikana na kukopeshana pasipo karatasi wala shahidi ila uso wa mkopaji, kutomtambua jirani ni karibu sawa na kuukana ujamaa.

Tena zingatia kwamba uso haukai peke yake katika akili, bali aghalabu huhifadhiwa pamoja na mahali pake. Mama huyo umemzoea ameketi nyuma ya karai la mafuta, amejifunga vazi la gurbaba, mkononi ana mwiko wa kuopolea mandazi; akikutokea steji ya 46 amevaa koti, makanga wakipiga makelele huku na huku, hata mwenye kumbukumbu nzima angaliweza kusita.

Lakini wewe hukusita siku moja tu. Huko kuwajua wateja kwa nguo zao tangu zamani kwanipa dhana ya jambo jingine, nalo ni ile hali ambayo mwaka 1947 tabibu wa Kijerumani, Joachim Bodamer, aliipa jina la prosopagnosia: macho ni mazima na akili ni timamu, ila ubongo haushiki nyuso. Wataalamu hukadiria kuwa watu wapatao 2 katika kila 100 wamezaliwa nayo kwa kiasi fulani. Jane Goodall, aliyeanza mwaka 1960 kuwachunguza sokwe wa Gombe kando ya Ziwa Tanganyika hata sifa zake zikaenea duniani, alisema waziwazi kwamba yeye mwenyewe alikuwa nayo. Sikupimi kwa barua, hilo ni la daktari; najua tu kwamba dawa yake haijapatikana, na walio nayo hushika sauti, mwendo na mavazi, kama ufanyavyo tayari.

Taksiri yako, basi, ni ile hadaa. Ungalisema, “Nisamehe mama, nikumbushe,” ungalitahayari kitambo kidogo yakaisha. Lakini ulipojitia kumjua ukamwulizia marehemu, ulimtonesha kidonda ili kujisitiri wewe, na hilo ndilo analolilia hata sasa.

Wala yeye simwachi bila neno, maana insafu yataka hivyo. Hii ada yetu ya kumshika mtu mkono hadharani na kumtahini, “Hebu sema mimi ni nani,” nayo ina ukatili wake, kwani anayeulizwa hana jibu lisilomwaibisha, ilhali muulizaji angeweza kulitaja jina lake akayamaliza.

Nenda Makina wewe mwenyewe, alasiri ambapo majirani wapo barazani, ufuatane na mama yako akikubali. Usimtumie pesa kwa simu, atadhani wamnunua. Mpe pole ya mzee wake upya, kisha umweleze hali yako mbele ya watu wale wale waliokusema, usiipambe wala usiifiche. Wateja wako nao waambie, na majina uyaandike juu ya vitambaa.

Nanyi akina mama wa Makina msomao safu hii, mkikutana na binti yenu mbali na mtaa, mkaona anawatazama kama mgeni, tajeni majina yenu kwanza.