Kisima chako na mabomba ya sheli

Ikiwa kisima cha nyumbani au cha msikitini kiko jirani na kituo cha mafuta, somo hili linakuhusu.

Mafuta hukaa katika tangi lililofukiwa, kisha hupita katika mabomba ya chini ya ardhi hadi kwenye pampu. Mabomba hayo huvuja pale maungio yanapolegea au chuma kinapoliwa na kutu. Mwenye sheli hupima tangi kila siku kwa fito yenye vipimo, akalinganisha na mafuta yaliyoingia na yaliyouzwa. Upungufu ukijirudia, kuna mashaka. Lakini uvujaji mdogo hujificha katika hesabu hiyo, kwani petroli hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Ndiyo maana bomba lenyewe lipimwe na fundi: hufungwa, hutiwa shinikizo, na shinikizo likishuka, panavuja. Jirani, muulize mwenye sheli: mara ya mwisho lilipimwa lini?

Usitegemee pua. Petroli ina kemikali iitwayo benzini, inayoweza kuleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa, kiasi ambacho pua haikigundui. Maji yakinuka petroli, usiyanywe, usiyapikie, wala usiyatawadhie. Kuyachemsha si dawa, kwani mvuke wake utauvuta humo humo jikoni. Mwarifu bwana afya, na maji yapelekwe maabara.

Maji ni amana. Tusingoje harufu.