Jumanne: Alimnunua Aliyekuwa Wake

Soma Hosea 3:1–3. Hosea alilipa nini, na malipo hayo yanatufundisha nini kuhusu upendo wa Mungu?

Hosea alihudumu katika Israeli, ufalme wa kaskazini, karne ya 8 kabla ya Kristo, taifa lilipokuwa likiwafuata Mabaali. Gomeri, mkewe, alikuwa amemwacha na kuwafuata wengine. Ndipo Bwana akamwagiza nabii aende akampende tena.

Agizo hilo lilikuwa na gharama. Hosea alitoa vipande 15 vya fedha, pamoja na homeri moja na nusu ya shayiri. Katika torati, fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe ilikuwa shekeli 30 (Kutoka 21:32). Fedha yake ilifika nusu tu ya kiasi hicho. Ni kana kwamba alimalizia kwa nafaka ya ghalani. Naye alimlipia mtu ambaye tayari alikuwa wake.

Ndivyo alivyotenda Kristo. Sisi ni wake kwa kuumbwa. Tulipojiuza dhambini, alitununua kwa damu yake (1 Petro 1:18, 19), tungali wenye dhambi (Warumi 5:8). Hakungoja turudi ndipo alipe. Alilipa ili turudi.

Hata hivyo, Hosea alimtaka mkewe akae naye, asiwe wa mwingine. Upendo uliokwisha kulipa bado unangoja kuitikiwa.

Ikiwa ulinunuliwa kabla hujatubu, unamtendeaje yule ambaye bado hajakuomba msamaha?