Kalenda ya Matukio Kwenye Tovuti Yenu: Vidokezo 10 Kutoka Nyamache

Mkutano wa wakulima umesogezwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi. Habari imetumwa kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku, na kufikia asubuhi imefunikwa na salamu, maombi na picha za maua. Mama mmoja hakuiona. Jumanne anakatiza kuchuma chai, analipa bodaboda hadi Nyamache, huku kwetu Gusii nchini Kenya, anakuta mlango umefungwa. Siku imepotea, nauli imekwenda, na tangazo lijalo ataliamini kwa shida.

Kalenda ya matukio kwenye tovuti ya shule, kanisa, chama cha akiba au kikundi cha wakulima ni ahadi kwa mtu kama huyo: ukifunga safari, utatukuta. Kuiweka si kazi ya mabingwa peke yao. Siku hizi kuna programu-jalizi, yaani kipande cha programu unachokipachika kwenye tovuti iliyopo ili ifanye kazi mpya. Kijana yeyote anayeweza kujaza fomu kwenye mtandao anaweza kuifanya alasiri moja. Hivi hapa vidokezo kumi vya kumsaidia aifanye vizuri.

1. Anza na daftari

Kabla ya kugusa kompyuta, keti na katibu mwandike matukio ya mwaka mzima. Huku kwetu ukurasa hujaa upesi: bonasi ya chai, ambayo kwa kawaida husubiriwa kuelekea Oktoba, mkutano mkuu wa wenye hisa wa kiwanda, kufungua na kufunga shule kwa mihula mitatu, makambi ya Waadventista, baraza la chifu, siku za kliniki ya watoto, sikukuu za Madaraka (1 Juni), Mashujaa (20 Oktoba) na Jamhuri (12 Desemba).

Mkimaliza, hesabuni yale yanayowahusu ninyi hasa. Yakiwa mawili au matatu kwa mwezi, amueni mapema kwamba tovuti itaonyesha orodha, si jedwali la mwezi. Jedwali lenye visanduku ishirini na nane vitupu humfanya mgeni adhani kikundi kimevunjika.

2. Chagua chombo kinachotosha kazi

Tovuti nyingi za vikundi hujengwa kwa WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003. Ikiwa yenu ni mojawapo, programu-jalizi inayojulikana sana ni The Events Calendar. Toleo lake la bure lina orodha, mwezi na siku, pamoja na mahali pa kuandika ukumbi na mwandalizi. Kile ambacho hakimo bure ni tukio kujirudia lenyewe, mfano kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi kinaweza tu kuandika tarehe zake kumi na mbili na kubaki na pesa zake. Anayehitaji marudio mengi aitazame Events Manager, ambayo huyaruhusu hata katika toleo la bure.

Kabla ya kusakinisha yoyote, soma ukurasa wake. Imesasishwa lini mara ya mwisho? Walioitengeneza wanajibu malalamiko ya watumiaji? Kisha chagua moja tu. Mbili zikikaa pamoja zitagombana, na utakayesumbuka ni wewe.

Ikiwa tovuti yenu iko kwenye mpango wa bure wa WordPress.com, hapo programu-jalizi hazisakinishwi. Tengenezeni Google Calendar ya umma mpachike kwenye ukurasa. Inafanya kazi, na haina gharama.

3. Weka bekapu, ndipo usakinishe

Hii ni hatua ya dakika kumi ambayo wengi huiruka. Tumia programu ya bekapu kama UpdraftPlus, ambayo ina toleo la bure, na nakala uiweke nje ya tovuti yenyewe: kwenye Google Drive au kwenye flashi ya katibu.

Kisha ingia kwenye dashibodi, fungua sehemu ya programu-jalizi, bofya kitufe cha kuongeza mpya, andika jina la uliyoichagua, isakinishe, iwashe. Upande wa kushoto kutatokea menyu mpya ya matukio. Hapo ndipo kazi yako yote itakapofanyika. Fungua tovuti kama mgeni uhakikishe kurasa za zamani bado ziko sawa.

4. Rekebisha saa kabla ya kuandika tukio la kwanza

Tovuti nyingi mpya za WordPress huanza zikifuata saa ya kimataifa, UTC, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Usipobadilisha, mtu akipakua mkutano wa saa nne asubuhi kwenye kalenda ya simu yake, utaonekana saa saba mchana. Nenda kwenye mipangilio ya jumla, tafuta saa za eneo, chagua Nairobi.

Halafu kuna saa ya Kiswahili. Mitambo huandika 10:00, sisi twasema saa nne. Wazee wengi husoma tarakimu kumi na kuelewa saa kumi, yaani jioni. Kwa hiyo ndani ya maelezo andika zote mbili bila kuchoka: "saa nne asubuhi (10:00)".

Wakumbuke pia walio ng'ambo. Watu wengi wa jamii yetu ya Abagusii wanaishi Minnesota, Marekani, na huko saa hubadilishwa mara mbili kwa mwaka. Harambee ya mtandaoni ya saa mbili usiku hapa Nyamache ni saa tano asubuhi kwao majira ya baridi, na saa sita mchana majira ya joto. Mstari mmoja wa maelezo utawaleta wote kwa wakati.

5. Pima tarehe kwa maisha ya watu

Programu-jalizi itakubali tarehe yoyote utakayoiandika. Haijui kwamba kwa maelfu ya Waadventista wa Gusii Sabato huanza jua likizama Ijumaa na kuisha jua likizama Jumamosi. Mkutano wa chama ukiwekwa Jumamosi asubuhi, nusu ya viti vitabaki vitupu. Haijui kwamba asubuhi ni wakati wa kuchuma na kwamba majani mabichi hayangoji, lazima yafike kituo cha kununulia siku hiyohiyo. Haijui mvua yetu ya alasiri, ambayo hunyesha juu ya mabati kwa kelele hata mzungumzaji asisikike.

Mambo hayo unayajua wewe. Kabla ya kubofya kitufe cha kuchapisha, jiulize: mkulima, mwalimu na mama mwenye mtoto mchanga wataweza kufika saa hiyo?

6. Jaza kila tukio kwa mtu ambaye hajawahi kufika

Linganisha matangazo haya mawili. La kwanza: "Mkutano, Jumanne, ukumbini." La pili: "Mkutano wa wakulima kuhusu mbolea, Jumanne 10 Machi, saa nne asubuhi (10:00) hadi saa sita mchana (12:00). Ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya barabara kutoka kituo cha kununulia chai. Njoo na kitambulisho na namba yako ya mkulima." La pili limejibu simu ishirini kabla hazijapigwa.

Ramani ya mtandaoni inasaidia, lakini huku kwetu watu huelekezana kwa alama: kiwanda, soko, shule, mti mkubwa penye njia panda. Andika alama hiyo. Andika pia saa ya kumaliza, maana anayelipa bodaboda kurudi nyumbani hupanga kwa saa hiyo.

7. Jaribu kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando dogo

Wengi wa wasomaji wako hawatafungua kalenda kwenye kompyuta. Watabofya kiungo kwenye WhatsApp, wakiwa kando ya barabara, bando likikaribia kuisha. Azima simu ya kawaida yenye kioo kidogo, zima Wi-Fi, ufungue ukurasa. Hesabu sekunde.

Ukiona ukurasa unachelewa, punguza picha kabla ya kuzipakia. Bango lililotoka kwa mchapishaji huwa zito mno kwa ukurasa wa simu, na picha moja nyepesi inatosha. Ondoa ramani kwenye matukio ambayo kila mtu anapajua mahali pake. Usiandike tarehe na saa ndani ya bango pekee: picha ikikataa kufunguka, ujumbe wote umepotea. Ziandike kama maneno ya kawaida kwanza, bango lifuate.

8. Zungumza lugha ya watu wako

Programu-jalizi nyingi huja na vitufe vya Kiingereza. Kwa Loco Translate, ambayo nayo ina toleo la bure, unaweza kubadilisha maneno hayo moja moja: Matukio Yajayo, Tafuta, Mwezi Ujao, Ongeza Kwenye Kalenda Yangu. Maelezo yenyewe yaandike kwa Kiswahili, na pale hadhira ni ya wazee wa kijiji, ongeza sentensi mbili za Ekegusii. Mtu akisoma mwaliko kwa lugha ya mama anajua ni yeye anayeitwa.

Tarehe nazo ziandike kwa jina la mwezi. Ukiandika 4/7, wa Nyamache anasoma tarehe nne Julai, na jamaa yake aliye Minneapolis anasoma tarehe saba Aprili. "4 Julai" haina utata kwa yeyote.

9. Tukio likiahirishwa, usilifute

Hapa ndipo kalenda hupata au hupoteza heshima yake. Ukilifuta tukio, kiungo ulichokisambaza wiki iliyopita kitafungua ukurasa wa kosa, na aliyekibofya hatajua kama mkutano upo au haupo. Acha ukurasa palepale. The Events Calendar ina sehemu ya kuonyesha kwamba tukio limeahirishwa au limeghairiwa. Liweke alama, andika tarehe mpya mstari wa kwanza, eleza sababu kwa ufupi, kisha utume kiungo kilekile tena kwenye kundi.

Ujue pia kwamba aliyepakua tukio kwenye simu yake anabaki na nakala ya zamani. Nakala hiyo haijirekebishi. Kwa hiyo mabadiliko makubwa yatangazwe kwa sauti pia: kanisani, kituo cha chai, na kwa simu kwa wale wanaotoka mbali.

10. Wape kazi watu wawili, na mlinde siri za watu

Kalenda nyingi hufa kwa sababu mwenye nenosiri alipata kazi Nairobi. Fungueni akaunti mbili tofauti, kila mtu na nenosiri lake, na wanaoandika matukio wapewe ngazi ya mhariri tu. Ngazi ya msimamizi mkuu ibaki kwa mtu mmoja mnayemwamini, na namna ya kuirudisha ikitokea dharura iandikwe kwenye daftari la kikundi. Yeye ndiye wa kusasisha programu-jalizi kila zinapotoka mpya, kwa kuwa wezi wa mtandaoni hupenda zilizozeeka.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na inavihusu hata vikundi vidogo. Namba ya simu ya mtu isichapishwe kabla hajakubali. Picha za watoto ziwe na idhini ya wazazi. Orodha ya waliojiandikisha isiachwe wazi kwa kila mpita njia. Mkiweza, tumieni namba moja ya kikundi kwa maswali yote.

Baada ya hayo yote, msiing'oe karatasi iliyobandikwa ukutani. Wapo wasio na simu janja, na wao pia ni wenye kikundi. Kila mwanzo wa mwezi fungua orodha, ichapishe kwenye saiba (duka la intaneti), ubandike nakala moja dukani, moja kanisani, moja kituo cha chai. Ukutani na mtandaoni tarehe ziwe zilezile, kwa sababu zimetoka mahali pamoja.

Kisha jiwekee desturi moja. Jumatatu asubuhi, kabla ya shughuli nyingine, fungua kalenda usome matukio matatu yanayofuata. Piga simu kwa anayeandaa kila moja, umuulize swali moja: bado lipo, siku ile ile, saa ile ile? Likibadilika, rekebisha papo hapo na utume kiungo. Simu hizo tatu huchukua dakika kumi, na ndizo zitakazomwokolea yule mama nauli yake ya Jumanne.