Fimbo katika Malezi: Tujifunze kwa Watakatifu Watatu

Anayetetea viboko hukimbilia Mithali 13:24. Neno hilo ni la Maandiko, wala hatulifuti. Lakini Katekisimu (na. 2223) inapotaja fimbo ya Yoshua bin Sira, papo hapo inaweka onyo la Mtume Paulo kwamba akina baba wasiwachokoze watoto wao (Efe 6:4). Je, watakatifu waliolea vijana walielewaje?

1. Mtakatifu Augustino (354–430). Katika Maungamo anasimulia kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu asichapwe shuleni, na hata wazazi wake walicheka. Kilatini alikijua kwa kubembelezwa na kuzungumza na walezi. Kigiriki alikichukia kwa sababu ya vitisho. Hakukataa nidhamu, ila aliona kwamba hamu ya kujua hufundisha kuliko hofu.

2. Mtakatifu Anselmo (1033–1109). Abati mmoja alimlalamikia kwamba watoto wa monasteri walichapwa usiku na mchana, na bado walizidi kuharibika. Anselmo alimpa mfano wa mti uliobanwa pande zote: matawi yake hukua yakiwa yamejipinda. Tena, mfua dhahabu hafanyi kazi yake kwa kugonga tu. Hubonyeza na kulainisha taratibu. Abati alikiri kosa lake.

3. Mtakatifu Yohane Bosco (1815–1888). Mwaka 1877 aliandika kuhusu njia ya malezi inayozuia kosa kabla halijatendeka, kwa nguzo tatu: akili, dini na upendo. Alikataza kupiga, kupigisha magoti kwa mateso na kuvuta masikio, kwa kuwa humchukiza kijana na kumshushia mlezi heshima.

Suala hili bado liko mlangoni petu. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001. Kanuni za Tanzania bado zinaviruhusu, visizidi vinne. Lakini kinachoruhusiwa na kanuni si lazima kiwe ndicho kinachomjenga mtoto. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kukunja si kuvunja. Watakatifu hawa hawakuacha kurekebisha, bali walitazama kile kinachobaki moyoni mwa mtoto baada ya adhabu.

Swali la kutafakari: Mtoto uliyemwadhibu mara ya mwisho alielewa kosa lake, au alijifunza kukuogopa tu?