Nyimbo za Huzuni Zina Anwani

Mpe mtu asikilize wimbo wa mwimbaji Sufjan Stevens kwa mara ya kwanza, kisha umuulize unahusu nini. Huenda akajibu unahusu kifo, au mapenzi yaliyovunjika, au upweke. Hatakuwa amekosea sana, kwa sababu majibu hayo matatu yanaenea karibu nyimbo zote za aina hiyo. Na tatizo ni hilo hilo: jibu linaloenea nyimbo mia halijafasiri hata mmoja.

Aina yenyewe huitwa indi folki. Ni nyimbo za sauti ya chini na gitaa lisilo la umeme, zilizochipuka kutoka nyimbo za kienyeji za Marekani na Uingereza, na nyingi hurekodiwa nje ya kampuni kubwa za muziki, wakati mwingine chumbani kwa msanii mwenyewe. Kiingereza chake kwa kawaida ni chepesi. Ugumu uko kwingine: maneno mepesi yamebebeshwa habari ambazo mwimbaji haoni haja ya kuzieleza.

Ushauri wangu ni kuanza na vitu na kuziacha hisia kwanza. Chukua kalamu, sikiliza wimbo, uandike kila kilichotajwa ambacho unaweza kukitafuta kwenye ramani, kwenye kalenda au kwenye kitabu cha historia: mji, mlima, sikukuu, duka, ugonjwa, jina la mtu. Kisha ufuatilie kimoja kimoja. Huzuni itakuja yenyewe, na ikija utajua inatoka wapi.

Albamu ya Stevens ya mwaka 2015, "Carrie & Lowell", ni shule nzuri ya kazi hii. Carrie ni mama yake mzazi. Aliondoka nyumbani mwanawe akiwa na umri wa mwaka mmoja. Aliugua maradhi ya akili na kuandamwa na ulevi. Lowell ni baba wa kambo, aliyekuwa mume wa Carrie kwa miaka kama mitano mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika kipindi hicho watoto wa Carrie walikwenda kukaa nao majira matatu ya kiangazi katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon. Carrie alifariki Desemba 2012 kwa saratani ya tumbo. Mambo haya Stevens mwenyewe ameyaeleza hadharani, kwa hiyo hatuchungulii dirishani kwa mtu.

Sasa rudi kwenye orodha yako ya vitu. Wimbo mmoja umeitwa kwa jina la mji wa Eugene. Kuna kilima cha karibu na mji huo, kuna mwalimu wa kuogelea aliyeshindwa kutamka jina la mtoto, kuna duka la kanda za video ambako mtoto aliachwa. Msikilizaji wa haraka atadhani ni mapambo ya kumbukumbu. Lakini ukishajua habari ya majira yale matatu, unaona kwamba Oregon ndiko mahali pekee ambako mtoto huyu aliwahi kuishi na mama yake baada ya mama kuondoka nyumbani. Kila jina la mahali katika albamu ni sehemu ya akiba ndogo sana ambayo hakuna namna ya kuiongeza. Ndiyo maana anataja hata vitu visivyo na maana kwa mtu mwingine yeyote. Hana vingine.

Wimbo wa "Fourth of July" una mambo mawili ya kufuatilia. La kwanza ni tarehe: 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, siku ya fataki na nyama choma, na hapo ndipo mtunzi ameweka mazungumzo yake na mama aliyekufa. La pili hupita kwa sekunde chache tu, nalo ni moto wa Tillamook. Tillamook ni msitu wa Oregon ulioteketea mwaka 1933. Ukaungua tena 1939, halafu 1945, halafu 1951, kama vile moto ulikuwa na ratiba ya miaka sita. Baadaye watu walipanda miti upya, na mwaka 1973 eneo lile likatangazwa kuwa msitu wa jimbo. Stevens hatuambii kwamba msiba unaweza kulala kimya kwa miaka kisha ukawaka pale pale palipokwisha kuungua. Anataja msitu, basi. Asiyeujua atapita, anayeujua atasimama.

Albamu inafungwa na "Blue Bucket of Gold", na jina hilo nalo si la kubuni. Mwaka 1845 msafara wa walowezi ulipotea njia huko Oregon. Hadithi inasema watoto waliokota mawe ya manjano wakayatia ndani ya ndoo ya bluu, na hakuna aliyeyajali. Miaka kadhaa baadaye, dhahabu ilipopatikana California, wale watu wakatambua walichokuwa wamekishika. Wengi walirudi kutafuta, hakuna aliyepaona tena mahali pale. Fasiri yangu, na wewe unaweza kuwa na yako, ni kwamba mtoto anamwona mama yake kama dhahabu ile: alikuwa naye mkononi kabla hajajua thamani yake, na njia ya kurudi imepotea.

Ukishamaliza vitu, uliza nani anasema. Waliosoma ushairi shuleni wanakumbuka nafsineni, yule asemaye ndani ya shairi, ambaye si lazima awe mtunzi. Kwenye indi folki watu wazima wenye akili zao husahau somo hilo siku ya kwanza, kwa sababu sauti ya kunong'ona inawafanya waamini kwamba wanasikia siri ya mwimbaji. Katika "Fourth of July" wasemaji ni wawili, mwana na mama, na hakuna kitu kinachokutangazia zamu ya nani imefika. Utawatambua kwa namna wanavyoitana: mmoja anamwita mwenzake kwa majina ya wadudu na ndege wadogo, kama mzazi anavyombembeleza mtoto. Mwishoni sentensi moja fupi, ya ukweli unaomhusu kila kiumbe, inarudiwa tena na tena. Sikiliza kwa makini uamue ni ya mama, ya mwana, au ya wote wawili. Mimi nasikia inaanza kwa mama na inaishia kwetu.

Mfano mkali zaidi uko kwenye albamu yake ya mwaka 2005 kuhusu jimbo la Illinois. Humo kuna wimbo juu ya John Wayne Gacy, muuaji wa eneo la Chicago aliyeua wavulana na vijana wasiopungua 33 katika miaka ya 1970. Umeimbwa kwa upole unaotisha, na mwishoni mwimbaji anageuza kidole na kujielekezea mwenyewe. Hajakiri mauaji yoyote. Anasema kwamba yeye naye ana yaliyofichwa chini ya sakafu ya nyumba yake. Hata kuimba kwa kinywa cha mhalifu mwenyewe ni desturi ya zamani katika folki. Wimbo wa "Tom Dooley", uliovuma mwaka 1958 kwa sauti za kundi la Kingston Trio, unatokana na mauaji ya mwaka 1866 huko North Carolina na mtu aliyenyongwa miaka miwili baadaye. Hakuna aliyewashuku Kingston Trio.

Kwa sisi tuliokua na taarab masikioni, kuna faida na kuna mtego. Faida ni kwamba tunajua wimbo haulazimiki kusema jambo waziwazi, fumbo halitutishi. Mtego ni kwamba sikio letu limezoea kuuliza kaimbiwa nani. Katika mipasho kuna mlengwa, na raha ya kusikiliza ni kumjua. Ukiingia kwenye indi folki na swali hilo utazunguka bure ukimsaka mpenzi aliyemwacha mwimbaji Justin Vernon au adui wa mwimbaji Phoebe Bridgers. Mishale mingi ya nyimbo hizi humrudia aliyeirusha.

Maisha ya mwimbaji yanasaidia, lakini yasigeuzwe kuwa ufunguo wa kila mlango. Nick Drake wa Uingereza alifariki Novemba 1974 akiwa na miaka 26, kwa kuzidisha dawa za sonona, na mchunguzi wa vifo akaamua kuwa alijiua. Tangu hapo watu husikiliza albamu zake tatu kama wosia. Jina la albamu yake ya kwanza ya mwaka 1969, "Five Leaves Left", hutajwa kama utabiri: majani matano yaliyobaki, miaka mitano kabla ya kufa. Ukweli ni kwamba maneno hayo yanatoka kwenye pakiti za karatasi za kusokotea sigara za Rizla, ambazo zilikuwa na kikaratasi cha kumjulisha mvutaji kwamba zimebaki tano. Kijana alikuwa akitania. Na kwenye albamu ya pili kuna "Poor Boy", ambapo anajililia huku waitikiaji wa kike wakimjibu kwa namna ambayo ni vigumu kutosikia dhihaka. Anayesikiliza kila kitu kwa kupitia kaburi lake hataucheka wimbo huo, na atakuwa amepoteza kitu kizuri.

Kwa Justin Vernon, anayejulikana kama Bon Iver, mambo ni tofauti tena. Kundi lake lilikuwa limevunjika, mapenzi yamekwisha, na yeye alikuwa ametoka kuugua. Majira ya baridi ya mwaka 2006 kuingia 2007 akajifungia kama miezi mitatu kwenye kibanda cha uwindaji cha baba yake huko Wisconsin, akatoka na "For Emma, Forever Ago". Watu hupenda sana hadithi ya kibanda, nami sina neno nayo. Lakini kwa mfasiri jambo kubwa zaidi ni namna alivyotunga: mara nyingi aliimba kwanza sauti tupu zisizo na maneno, akazirekodi, kisha akazisikiliza na kutafuta maneno yanayofanana na sauti zile. Kwa hiyo neno fulani linaweza kuwa mahali pale kwa ajili ya irabu yake tu. Ukikaa na kamusi ukidai kila mstari utoe maana utachoka. Badala yake shika picha chache zinazojirudia, mbao, damu, theluji, uone zinavyoelekea upande mmoja.

Theluji, kwa msikilizaji wa huku kwetu, inahitaji neno moja. Majira ya baridi ya Wisconsin hufunga barabara na maziwa kwa miezi, na mtu hubaki ndani na nafsi yake. Novemba kwetu ni mvua za vuli na shamba linaota. Kwao miti imekwisha kupukutika.

Usiamini pia maandishi ya mashairi unayoyakuta kwenye intaneti bila kuyapima. Mengi yameandikwa na wasikilizaji waliokisia, na kwa mwimbaji kama Vernon hata kusikia neno lenyewe ni kazi. Kijitabu cha albamu, kama kipo, kina uzito zaidi. Mahojiano ya msanii nayo yana uzito, ingawa watunzi nao husahau, hubadili mawazo, au hukwepa maswali.

Muziki nao husema, na wakati mwingine hupingana na maneno. Katika "Should Have Known Better" Stevens anaanza na majuto na gitaa peke yake. Karibu nusu ya njia kinanda kinaingia, mwendo unachangamka, na muda si mrefu anatajwa mtoto wa kike wa kaka yake aliyezaliwa. Anayesoma maneno bila kusikiliza ataona habari ya mtoto kama nyongeza. Ala zimekwisha kumwandalia njia kabla hajatajwa.

Kuna wakati kufasiri hakutakiwi. Mwaka 2016 Phil Elverum, anayeimba kwa jina la Mount Eerie, alifiwa na mkewe Geneviève Castrée kwa saratani ya kongosho, akabaki na mtoto mdogo. Albamu ya "A Crow Looked at Me" aliirekodi katika chumba alimofia mke, kwa ala za marehemu. Humo anasimulia kifurushi kilichofika kwa posta baada ya kifo chake: mkoba wa shule ambao mama alikuwa amemwagizia mtoto kimyakimya, kwa siku ambazo alijua hataziona. Anayedai kwamba mkoba ni ishara ya kitu kingine hajasikia wimbo. Mkoba ni mkoba.

Mwisho ni suala la mabishano, maana watu wawili wakisikiliza wimbo mmoja watatoka na fasiri mbili. Fasiri bora ni ile inayoeleza mistari mingi zaidi, hasa ile inayokusumbua. Chukua "Casimir Pulaski Day" wa Stevens. Jina ni la sikukuu ya jimbo la Illinois, Jumatatu ya kwanza ya Machi, ya kumkumbuka jenerali mzaliwa wa Poland aliyekufa mwaka 1779 akipigania uhuru wa Marekani. Wimbo unamhusu msichana mwenye saratani ya mifupa anayefariki siku hiyo. Wako wanaosema ni wimbo wa mtu aliyepoteza imani, na ushahidi wao ni kikundi cha Biblia kinachomwombea mgonjwa na hakuna kinachotokea. Wako wanaosema ni wimbo wa imani, kwa sababu mwimbaji anamtukuza Mungu hadi mwisho. Wa kwanza hawana la kufanya na utukufu, wa pili hawana la kufanya na maombi yaliyokwama. Mimi naushika pamoja: huyu ni mtu anayesifu na kulalamika kwa pumzi moja, mbele ya Mungu yule yule. Anayeijua Zaburi ya 88, inayoanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na kuishia gizani, amekwisha kukutana na mtu wa namna hiyo.